Mashairi ya karatasi moja, na mapenzi yanayoyaharibu

Wiki iliyopita nilishinda kutwa nzima mbele ya karatasi moja nyeusi. Ni shairi la mshairi wa Marekani Gwendolyn Brooks, "We Real Cool", kama lilivyotolewa na Broadside Press ya Detroit mwaka 1966. Shairi zima lina maneno 24. Msanii Cledie Taylor aliyachora kwa herufi nyeupe zilizopindapinda juu ya weusi mtupu, utadhani vijana wamepita usiku wakayaandika ukutani. Mwenye nayo aliibandika mlangoni mwake miaka mingi, selotepu kila pembe, na mstari wa mwisho ulipoanza kuchanika akaongeza selotepu nyingine juu ya maneno.

Kazi yangu ni kutunza karatasi za namna hii: shairi lililochapwa upande mmoja wa karatasi moja, lisilofungwa kitabuni, ili libandikwe, ligawiwe au liuzwe barabarani. Wamarekani huziita brodisaidi. Kwa miaka yote niliyoifanya kazi hii nimejifunza kwamba walioyadharau mashairi haya waliyatupa, basi hayaji kwangu. Yanayofika mezani yameharibiwa na watu walioyapenda.

Na yalikuwa na kila sababu ya kupendwa. Jupiter Hammon, aliyekuwa mtumwa huko New York, alitunga shairi lake la Krismasi ya mwaka 1760, na lilipotoka lilitoka kwa karatasi moja. Phillis Wheatley aliletwa Boston utumwani kutoka Afrika Magharibi mwaka 1761 akiwa mtoto mdogo. Mhubiri George Whitefield alipofariki mwaka 1770, maombolezo ya binti huyo yalichapwa kwa karatasi yakauzwa mitaani, na ndiyo yaliyolitangaza jina lake. Kitabu chake kilikuja miaka mitatu baadaye, tena kikachapwa London. Kwa mtu asiyekuwa na mlango wa kuingilia kwa wachapishaji, karatasi moja ndiyo ilikuwa mlango.

Dudley Randall alilielewa hilo. Alikuwa mkutubi na mshairi wa Detroit. Tarehe 15 Septemba 1963 bomu lililipua kanisa la Birmingham, Alabama, likaua wasichana wanne, naye akatunga "Ballad of Birmingham": mama anamkataza bintiye kwenda kwenye maandamano, anamtuma kanisani akidhani huko ni salama. Mwanamuziki Jerry Moore alipolitilia shairi hilo muziki, Randall alihitaji kulinda hakimiliki yake, kwa hiyo mwaka 1965 akalichapa kwa karatasi moja kwa fedha za mshahara wake. Broadside Press ilianza hivyo, na jina lake linatokana na karatasi hizo.

Wakusanyaji wapya huniuliza waanze na nini. Jibu langu ni Isaiah Thomas, mchapaji wa Massachusetts aliyeanzisha jumuiya ya American Antiquarian Society mwaka 1812. Muda mfupi baadaye alikwenda Boston akanunua karatasi za nyimbo na mashairi zilizokuwa zikiuzwa kwa watu wa kawaida. Hakutafuta za kale, alichukua za siku ile ile, zaidi ya 300, akazifunga katika juzuu tatu na kuandika kwamba anataka kuonyesha watu wa chini wanapenda nini kwa wakati huo. Wasomi wa enzi yake waliziona takataka. Leo mtu akitaka kujua mabaharia na vijakazi wa Boston waliimba nini mwaka 1814, huenda kwenye juzuu hizo. Kwa hiyo kusanya zikiwa bado rahisi. Ukihudhuria usomaji wa mashairi ukakuta karatasi inauzwa mlangoni, nunua mbili, kisha andika kwa penseli, kwenye jalada na si kwenye karatasi yenyewe, uliipata wapi na lini.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba karatasi ya Wheatley inaweza kuwa na afya kuliko ya Brooks. Karatasi ya karne ya 18 ilitengenezwa kwa matambara ya pamba na kitani, ambayo nyuzi zake ni ndefu na safi. Katikati ya karne ya 19 viwanda vilihamia kwenye rojo la mbao, vikilitia shabu na utomvu wa misonobari ili wino usisambae. Mbao zina lignini, ambayo hugeuka manjano ikipigwa na mwanga, na shabu huzaa asidi inayokatakata nyuzi polepole. Karatasi inajila yenyewe. Karatasi ya gazeti ndiyo mbaya kuliko zote, kwa hiyo ikiwa babu alikuachia shairi alilolikata kwenye *Mambo Leo*, gazeti la Kiswahili la enzi ya ukoloni, ugonjwa wake ni huu huu. Lipige picha kwanza, kabla ya kufanya lolote.

Sasa mapenzi yenyewe. La kwanza ni selotepu. Gundi yake ya zamani hulainika, ikazama ndani ya nyuzi, ikageuka kahawia. Ukanda wa plastiki hudondoka na doa likabaki. La pili ni laminesheni ya steshenari, na hapa naomba kwa moyo wangu wote: usifanye. Plastiki ya moto hushikamana na nyuzi, na asidi inafungiwa ndani pamoja na shairi. Hata William Barrow wa Virginia, ambaye utafiti wake ndio uliowaamsha wakutubi kuhusu asidi, alieneza njia ya kufunika nyaraka kwa plastiki ya moto, na wahifadhi wa leo wanahangaika kuitoa.

La tatu ni fremu. Mwanga ukishafifisha wino, hakuna dawa ya kuurudisha. Makumbusho huonyesha karatasi kwa mwanga hafifu wa lux 50 tu (lux ni kipimo cha mwanga), tena kwa miezi michache. Ukitaka kuliona shairi ukutani kila siku, weka nakala yake, halisi ilale.

Ilale wapi? Ilazwe bila kukunjwa, ndani ya jalada lisilo na asidi lililotiwa kalsiamu kaboneti ya kuzima asidi, au katikati ya polyesta safi iliyoachwa wazi pembeni. Mifuko ya plastiki ya PVC hutoa mvuke unaoichoma karatasi. Unyevu wa hewa ukae kati ya asilimia 30 na 50. Aliyeko Mombasa au Zanzibar atasema hilo haliwezekani, nami namwelewa. Basi aiweke mbali na ukuta wa nje, mahali penye hewa inayozunguka, na aikague kila baada ya wiki chache, maana ukungu huanza unyevu ukipita 65 hivi.

Nilirudi kwa karatasi yangu nyeusi. Niliinua plastiki kwa kisu butu kilichopashwa moto kidogo, milimita kwa milimita, kisha nikasugua gundi kwa kifutio cha mpira ghafi. Nilijaribu kimiminika cha kuyeyusha gundi kwenye ncha ndogo ya pembe, na weusi ukatoka kwenye pamba. Nikaacha hapo hapo. Mpasuko nimeuunga kwa nyuma, kwa karatasi nyembamba ya Kijapani na uji wa wanga wa ngano, ambao siku yoyote mtu anaweza kuutoa kwa maji kidogo. Doa la kahawia limebaki juu ya mstari wa mwisho. Maneno yanasomeka.