Bakteria anayemzuia mbu kueneza dengi: maswali na majibu

Kwani mdudu naye ana bakteria tumboni?
Anao, na baadhi ya wadudu hawawezi kuishi vizuri bila bakteria hao. Mbung'o, anayeeneza malale, hula damu tu maisha yake yote, na damu haimtoshelezi kwa vitamini B. Vitamini hizo hutengenezewa na bakteria aitwaye Wigglesworthia, ambaye mama humpa mtoto kwa maziwa angali tumboni. Bakteria huyo akiuawa, jike hashiki mimba ikafika.

Wolbachia ni nini?
Ni bakteria aishiye ndani ya seli za wadudu, aliyegunduliwa kwenye mbu huko Marekani mwaka 1924. Anakadiriwa kuwamo katika nusu hivi ya spishi zote za wadudu. Ila Aedes aegypti, yule mbu mwenye madoa meupe miguuni anayeeneza dengi, kwa asili hana. Watafiti walimtoa Wolbachia kwa nzi wa matunda, wakamdunga ndani ya mayai ya mbu kwa sindano nyembamba ya kioo, yai moja moja. Ni kazi ya kuchosha, lakini ukoo mmoja ukishamshika, jike huwarithisha watoto wake.

Anazuiaje ugonjwa?
Virusi vya dengi vinahitaji mafuta na malighafi nyingine za seli ili vizaliane, na Wolbachia naye anatumia malighafi hizohizo. Virusi vikidhoofika, mbu akiuma hana cha kuambukiza, au anacho kidogo mno.

Kuachia mbu wenye Wolbachia mitaani si kutuongezea mbu?
Kwa muda, ndiyo, na wakazi wana haki ya kuuliza. Lakini tazama hesabu ya uzazi: dume mwenye Wolbachia akipanda jike asiye naye, mayai hayaanguliwi. Jike mwenye Wolbachia huzaa na dume yeyote, na watoto wake humrithi bakteria. Kwa hiyo kila kizazi wenye bakteria huongezeka, hadi wanakuwa ndio wengi, na kazi ya kuachia husimama. Singapore imechagua njia nyingine: huachia madume tu, ambao hawaumi, ili mayai yasianguliwe na mbu wenyewe wapungue.

Imefanya kazi?
Mbu hao waliachiwa kwa mara ya kwanza mjini Cairns, Australia, mwaka 2011. Ushahidi mzito zaidi, kwa maoni yangu, ni wa Yogyakarta, Indonesia, kwa kuwa maeneo ya kuachia mbu na ya kutoachia yaligawanywa kwa bahati nasibu, kisha yakalinganishwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha dengi imepungua kwa asilimia 77, na kulazwa hospitalini kwa asilimia 86.

Mtu anaweza kuambukizwa Wolbachia?
Hapana. Nje ya seli za mwenyeji wake hadumu.

Basi tuache kumwaga maji yaliyotuama?
Msiache. Mbu mwenye Wolbachia bado anauma, na Aedes huuma mchana, wakati hakuna aliye ndani ya chandarua.

Na malaria?
Huko anayetazamwa ni kijidudu kingine, Microsporidia MB, jamaa wa kuvu. Mwaka 2020 watafiti waliripoti kumkuta katika mbu Anopheles arabiensis nchini Kenya, na mbu waliokuwa naye hawakuwa na vimelea vya malaria. Hupita kutoka kwa mama hadi kwa watoto, na pia wakati wa kujamiiana. Kazi iliyobaki ni kumsambaza kwa mbu wengi wa porini, maana kwa asili anapatikana kwa wachache tu.