Hilux haina moto wa plagi? Kabla hujanunua koili soma hii

Wiki iliyopita niliitwa Ilula kuangalia Hilux ya zamani, ile ya injini ya 22R ya kabureta, ilikuwa imelala siku nne pembeni ya nyumba ya mzee mmoja anayebeba vitunguu. Stata inapiga vizuri, mafuta yapo, ila haiwaki hata kwa kubembeleza. Nafungua mlango nakuta kwenye siti kuna boksi tupu la koili, boksi tupu la plagi, na mfuko wa waya za plagi, vyote vimeshafungwa, na chini ya boneti kuna pampu ya mafuta mpya inang'aa kama sufuria ya harusi. Mzee ananiambia "kijana wangu, hela yote imeishia humo, we niambie tu kama niiuze chuma chakavu". Nikamwambia mzee tulia kwanza, hebu nione.

Naandika hii kwa sababu kila mwezi napigiwa simu za namna hii na karibu zote zinafanana, mtu kashanunua spea tatu nne ndo anatafuta fundi umeme. Na spea zenyewe wala hazikuwa na kosa.

Kitu kimoja ukikielewa vizuri kazi yote inakuwa nyepesi. Moto wa plagi hauji pale umeme unapoingia kwenye koili, unakuja pale umeme UNAPOKATWA. Ndani ya koili kuna waya mnene mizunguko michache na waya mwembamba mizunguko mingi sana, ukipitisha volti 12 kwenye ule mnene inajijenga sumaku, halafu ukikata ghafla ile sumaku inaanguka na ule mwembamba unatema maelfu ya volti ambayo yanaruka kwenye plagi. Kwa hiyo hata koili iwe mpya ya dukani, kama hakuna anayekata na kurudisha, hupati cheche hata moja. Kwenye magari ya zamani kabisa, zile 12R na 18R za platini, anayekata ni platini, vile vidude viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana. Kwenye hii 22R anayekata ni ignaita, kale kadude kamefungwa pamoja na koili, na ignaita anaambiwa akate saa ngapi na kakoili kengine kadogo kaliko ndani ya distribyuta, ile inayogawa moto kwa kila plagi. Vitabu vinakaita pikapu koili, ila kwa kuwa gari lenyewe nalo ni pikapu mi nitakaita sensa tusije tukachanganyana.

Haya, kwanza hakikisha kweli moto hakuna. Usichukue maneno ya mtu. Ng'oa waya mkubwa unaotoka kwenye koili kwenda katikati ya kifuniko cha distribyuta, chomeka plagi ya zamani, ile plagi uibane kwenye chuma kisafi cha injini (siyo kwenye rangi, siyo kwenye kutu) halafu mtu apige stata. Usishike kwa mkono, na usiache ule waya unaning'inia hewani ukipiga stata, umeme ukikosa pa kwenda unaweza kurudi kuua ignaita au ukakupitia wewe. Na kama injini imejaa petroli maana mlikuwa mnapiga stata tangu asubuhi, subiri harufu iishe kwanza, cheche na mvuke wa petroli havina undugu. Ukiona cheche ya bluu inapiga na mlio wa "tap tap", basi koili na ignaita viko sawa, kosa liko mbele kwenye kifuniko, rota (kile kinachozunguka chini ya kifuniko) au waya za plagi. Kifuniko kikishika unyevu au kikiwa na ufa utaona mistari myeusi myembamba kama njia za sisimizi ndani yake, hiyo ndo barabara ambayo moto unatorokea. Hayo ya kifuniko siendelei nayo, ni rahisi na wengi mnayajua.

Kwa mzee hatukuona kitu. Giza.

Hapo ndo wengi wanakimbilia dukani. Mi natoa testa, hii ya taa, taa kabisa ya bulb, siyo ile ya kidigitali. Klipu naishika negativu ya betri, ncha naigusa positivu ya koili swichi ikiwa on. Taa iwake. Halafu usiishie hapo, mwambie mtu apige stata huku bado umegusa, maana kuna swichi zimechoka, zinatoa umeme ufunguo ukiwa on ila ukisogeza kwenye stata zinakata, utazunguka wiki nzima. Hapa iliendelea kuwaka, imefifia kidogo kama kawaida maana stata inakula betri, mita ikasoma volti 10 na kitu. Sawa.

Sasa ncha hamishia negativu ya koili. Hapa ndo kwenye utamu na sijui kwa nini mafundi wengi hawapimi hapa. Swichi on, taa ikiwaka maana yake umeme umepita ndani ya koili ukatokea upande wa pili. Piga stata. Taa ikichezacheza, mtu wa kukata yupo kazini. Taa ikibaki imewaka tuli, hakuna anayekata. Na ikiwa haiwaki kabisa wakati positivu ina umeme, ama koili imekatika ndani ama kuna kitu kinabana negativu chini kwenye bodi muda wote, chomoa waya za pale uguse tena, ikiwaka basi koili nzima na mwizi yuko kwenye zile waya. Nimewahi kukuta waya wa geji ya mizunguko umechubuka nyuma ya dashibodi unagusa chuma, gari lote limekufa kwa sababu ya waya mwembamba kuliko wa simu. Nyingine ilikuwa alamu ya wizi iliyofungwa miaka hiyo, mwenye gari kashasahau hata kama ipo.

Kwa mzee taa iliwaka tuli, haikucheza. Kwa hiyo koili yake ya zamani pengine ilikuwa nzima! Nikaiokota kwenye ndoo ya taka, nikapima, waya mnene omu 0.9 na ule mwembamba kilo-omu 12 na kidogo, ambavyo kwa koili ya aina hii (0.8 mpaka 1.1, na 10.7 mpaka 14.5) ni vizuri kabisa. Nikamkabidhi nikamwambia weka chini ya siti, hiyo ni spea.

Tumebakiwa na maswali matatu: distribyuta inazunguka? Sensa inatuma? Ignaita anasikia?

La kwanza, fungua kifuniko, piga stata, tazama rota. Usicheke, 22R ina tabia ya zile gaidi za plastiki za cheni ya taimingi kuvunjika, cheni inaanza kula kava ya mbele na siku ikikatika rota inasimama tuli wakati injini ya chini inazunguka. Ukikuta hivo acha mambo ya umeme, hiyo kesi nyingine na ni ya hela. Ya mzee ilizunguka vizuri.

Kwa ignaita nilimwomba mzee betri moja ya redio yake, ile kubwa ya volti 1.5. Spana boi wangu akashangaa. Nikachomoa soketi ya zile waya mbili za sensa zinazotoka distribyuta, upande wa ignaita nikaunga vipande viwili vya waya, swichi on, ile plagi ya majaribio bado iko kwenye waya wa koili, nikawa nagusisha betri ya redio na kuachia, kama mtu anayebisha hodi. Ukigusa usizidishe sekunde 5 maana ndani kuna transista na inapata moto. Kugusa, kuachia... TAP! Cheche ya bluu. Nikagusa tena, tap. Mzee kasimama pale anashangaa gari linatoa moto kwa betri ya redio. Kwa hiyo ignaita mzima, koili nzima, waya mzima, kosa limebaki ndani ya distribyuta tu. Kama isingetoa cheche, kabla ya kumlaumu ignaita ningekwangua kwanza pale anapofungwa kwenye bodi, kwa sababu negativu yake anaipata kupitia zile bolti na kutu inamkatia.

Nikaweka mita kwenye waya mbili za sensa, ikaandika OL, yaani hakuna njia. Inatakiwa omu 140 mpaka 180. Mwingine hapo angesema sensa imekufa nunua distribyuta nzima, na kweli huku kwetu sensa peke yake kuipata ni bahati. Ila mi nina ugonjwa wa kuchokonoa, nikachomoa ile hozi ya vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) inayoingia kwenye distribyuta nikainyonya kwa mdomo, bamba la ndani lililobeba sensa likasogea, na mita ikaruka ikaandika 158. Nikaachia, OL. Nikanyonya, 158. Ladha yake mbaya ila furaha yake siwezi kueleza.

Zile waya mbili nyembamba za sensa zinapinda kila mara vakyumu inapovuta na kuachia lile bamba, miaka zaidi ya 30, shaba ya ndani inakatika huku mpira wa nje hauna hata mkwaruzo. Kwa macho huwezi kuona. Ukivuta polepole kwa vidole utasikia, waya mzima unakataa, uliokatika unavutika kama lastiki. Wa huu mzee ulivutika karibu sentimita nzima.

Nikamuuliza, mzee hii gari kabla haijafa ilikuwa inasumbuaje? Akasema ikitoka Ruaha Mbuyuni na mzigo, kupanda Kitonga ilikuwa inakata moto, inashtuka shtuka, ikifika juu kwenye tambarare inakaa sawa, ndo maana fundi wa kwanza akasema haili mafuta mlimani akabadilisha pampu. Lakini angalia, ukipanda mlima umekanyaga mafuta mpaka chini, vakyumu inapotea, lile bamba linarudi mwanzo, pale pale waya ulipokatika, na injini yenye mzigo inatikisika. Ukifika tambarare unalegeza mguu, vakyumu inavuta, waya unagusana tena. Gari ilikuwa inajieleza yenyewe vizuri kabisa ila hakuna aliyeisikiliza.

Nilitoa distribyuta (nikiwa nimeweka alama ya rota na ya bodi yake, tafadhali sana weka alama), nikakata ule waya mbovu karibu na sensa, nikalehemu mwingine laini wa nyuzi nyingi, nikaacha kalegea kidogo ili bamba lisogee bila kuuvuta. Waya zote mbili nilibadilisha maana mwenzake naye umri ni ule ule. Usizigeuze, ukichanganya ipi ipi gari linaweza kuwaka ila taimingi inakuwa imepotea na hutajua kwa nini. Nafasi kati ya sensa na meno ya rota ya ndani nikapima kwa fila geji, 0.2 mpaka 0.4 milimita, nikarudisha, stata mara mbili ikawaka. Taimingi nikaweka na taa yake, hozi ya vakyumu nikiwa nimeichomoa na kuiziba.

Wenye gari la platini, testa ya taa kwenye negativu inafanya kazi ile ile. Isipocheza fungua kifuniko, utakuta platini zimeungua au nafasi imekwisha, weka kama milimita 0.45. Kama zinaungua kila mwezi na cheche ni ya njano badilisha kondensa. Na kama gari linawaka ukiwa unapiga stata halafu linazima ukiachia tu ufunguo, hiyo ni rezista ya koili imekatika, usiguse platini.

Juzi mzee kanipigia yuko Kitonga juu, kapanda na vitunguu bila kukata moto hata mara moja. Shida yake sasa, anasema, ni ile pampu mpya ya mafuta, inavuja.