Eti ukipumzisha dawa, TB sugu inasahau usugu

Mwezi huu huyu ni mgonjwa wa TB wa nne. Anakaa, anatoa mfukoni pakiti ya vidonge ikiwa nusu, halafu anakwambia kwa kujiamini kabisa: dokta, nilisimama kidogo ili wadudu wasahau dawa, nikirudi ziwakute laini. Jamani! Na hii naisikia hadi kwa waliosoma sayansi, wao wanaipamba tu, eti mdudu sugu ni dhaifu, so ukitoa dawa wale wa kawaida watamshinda.

Robo yake ni kweli, ndo maana haifi. Rifampisini inaua TB kwa kuibana RNA polimerasi, ile mashine inayonakili jeni. Jeni ya rpoB ikibadilika, mara nyingi nafasi ya 450 ambapo tofali moja la protini, serini, linakuwa jingine, lusini, dawa haishiki tena, ila na mashine yenyewe inaweza kuanza kuchechemea na mdudu akazaliana taratibu. Watu wengi wameishia kusoma hapo. Sasa wadudu ni mamilioni na wanaendelea kugawanyika, katika hao akatokea mmoja mwenye myutesheni (badiliko la jeni) ya pili, kwenye rpoC au rpoA, jeni za vipande vingine vya mashine hiyohiyo, na mwendo ukarudi. Chukua mlango wa mbao uliovimba kwa mvua, fundi akapiga randa fremu: unafunga vizuri, lakini umevimba vilevile. Usugu uko palepale, kuchechemea ndo kumeisha.

Na kurudi alikotoka sio rahisi. Majaribio ya miaka ya 1990 kwa E. coli, bakteria wa utumbo, sugu kwa dawa ya streptomaisini yalionyesha kwamba mdudu aliyeshapata fidia, yaani ile myutesheni ya pili ya kurudisha mwendo, ukimrudishia jeni yake ya zamani, anakua vibaya zaidi. Fremu imeshapigwa randa, ukileta mlango usiovimba unacheza.

Hapo lazima mtu aniletee mfano wa klorokwini, ile dawa ya malaria. Sawa, Malawi waliiacha 1993, na vimelea sugu vya malaria vikashuka kutoka kama asilimia 85 mwaka 1992 hadi 13 mwaka 2000. Ila vile sugu havikutubu, vichache visivyo sugu vilivyokuwa vimebaki ndo vikaenea, kwa miaka, nchi nzima, huku watu wanatibiwa kwa dawa nyingine. We unataka hayo yatokee ndani ya pafu lako, mwezi mmoja, bila dawa yoyote?

Mengine haraka haraka. Rifampisini haiwatengenezei wadudu usugu, inawachuja tu, sugu alikuwepo kabla hujameza. Mdudu hajui kwamba anajirekebisha, ni makosa ya kunakili, na mengi hayamsaidii chochote. Na GeneXpert, ile mashine ya kupima TB, kwenye usugu wa rifampisini inasoma kipande cha rpoB tu, so lile jibu linalotoka ndani ya kama saa mbili halikwambii fidia ipo au haipo, msije kunibishia na karatasi ya majibu.

Kama unaacha kwa sababu vidonge vinakuvuruga tumbo, njoo tuongee lini na vipi uvimeze, hilo linatengenezeka. Mkojo wa rangi ya chungwa sio damu, ni rifampisini inatoka. Macho yakiwa ya njano, hapo njoo siku hiyohiyo, usisubiri tarehe ya kadi.