Mageuko ya kidijitali: aliyeandika programu hakuandika jibu

Mageuko ya kidijitali ni mbinu ya kuifanya kompyuta itafute jibu kwa kuzalisha majibu mengi, kuyapima, kubakisha yaliyo afadhali, kisha kuyaacha hayo yazae mengine yenye tofauti ndogo ndogo. Kazi hiyo hurudiwa kizazi baada ya kizazi. Panatakiwa mambo matatu: urithi, tofauti za nasibu, na mchujo. Likikosekana moja, hakuna mageuko.

Chukua gari la mkate linalotoka Changamwe, mjini Mombasa, alfajiri kupeleka mikate katika maduka 20: Makupa, Majengo, Mji wa Kale, Kongowea, Bamburi, na mengine Likoni, ng'ambo ya feri. Lianze wapi, limalizie wapi? Maduka 10 peke yake yana mipangilio 3,628,800. Yakifika 20, idadi ya mipangilio ina tarakimu 19, na hakuna kompyuta ya ofisini itakayoimaliza kwa kupima mmoja mmoja. Kwa hiyo programu huanza na njia, tuseme, 200 zilizopangwa ovyo. Kila njia hupimwa urefu. Zilizo mbovu hutupwa. Zilizosalia hunakiliwa, na katika kunakiliwa maduka mawili hubadilishana zamu, au kipande cha njia hii huungwa na kipande cha ile, kwa sharti kwamba duka lolote lisirukwe wala lisirudiwe. Kizazi kipya nacho hupimwa vivyo hivyo.

Wengi wakisikia neno nasibu husema basi huku ni kubahatisha. Sivyo. Kinachotokea kwa nasibu ni zile tofauti tu. Mchujo hauna bahati nasibu ya namna hiyo, una kipimo. Anayebahatisha huanza upya kila mara, hali programu hii hushika kilichokwisha kupatikana na kujenga juu yake.

Dai la pili ni zito zaidi, na nimelisikia kwa watu wasomi: kwamba mwandishi wa programu amelificha jibu ndani yake, kisha anajifanya kompyuta imeligundua. Ni kweli kwamba kuna kitu ameweka. Ameweka kipimo. Lakini kipimo husema njia hii ni nzuri kiasi gani. Hakisemi njia nzuri ni ipi. Aliyeandika programu ya gari la mkate huenda hajawahi kufika Kongowea.

Mwaka 2006 NASA, shirika la anga la Marekani, lilirusha vyombo vidogo vitatu vya angani vya mradi wa ST5, vikiwa na antena iliyobuniwa kwa njia hii. Wahandisi walieleza masafa yanayotakiwa na jinsi mawimbi yanavyopaswa kusambaa. Umbo likaja lenyewe: waya uliopindwapindwa bila mpangilio ambao jicho linautambua. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1990, Adrian Thompson wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, alizalisha kwa mageuko sakiti, yaani mzunguko wa umeme, ya kutofautisha mawimbi ya kilohezi 1 na kilohezi 10 (mitetemo elfu moja na elfu kumi kwa sekunde). Ilipochunguzwa, baadhi ya sehemu zake hazikuonekana kuunganishwa na njia ya kutolea jibu, na bado zilipozimwa sakiti iliharibika utendaji. Nani angeficha jibu ambalo yeye mwenyewe hakuweza kulieleza?

Ushahidi ninaouthamini kuliko wote unatoka katika programu iitwayo Avida. Humo, vijiprogramu hujinakili vyenyewe, hukosea katika kujinakili, na hushindania muda wa kompyuta. Mwaka 2003 Richard Lenski, Charles Ofria, Robert Pennock na Christoph Adami walichapisha jaribio katika jarida la Nature. Vijiprogramu vilivyoweza kufanya hesabu za mantiki vilituzwa muda zaidi, kuanzia hesabu rahisi hadi ile ngumu kuliko zote. Kati ya makundi 50, 23 yaliifikia ile ngumu. Watafiti walipoondoa tuzo za hesabu rahisi na kubakisha ya ile ngumu tu, halikufika hata kundi moja kati ya 50. Kama jibu lingekuwa limefichwa ndani, lingetoka mara zote mbili. Kilichokosekana ni ngazi za katikati.

Mjini Mombasa, kwa kuwa neno mageuko hutumika pia kwa viumbe, mazungumzo haya huhamia haraka kwenye dini na asili ya binadamu. Nawaheshimu wanaouliza, kwa kuwa wanauliza jambo linalowagusa. Ila Avida haisimulii historia ya viumbe. Hiyo huchunguzwa kwa visukuku na vinasaba. Avida huonyesha urithi, tofauti na mchujo vinaweza kufanya nini vikikutana. Njia ya gari la mkate, nayo, haimuulizi mtu imani yake.

Tena mageuko hayahakikishi jibu bora kabisa. Programu hufuata kipimo ilichopewa na si kingine: ukihesabu kilomita ukasahau foleni ya Likoni, itakupeleka feri saa ile ile magari yamejaa, maana katika hesabu yake foleni haipo. Hata kipimo kikiwa sahihi, kundi zima laweza kukwama kwenye njia nzuri kiasi, ambayo kila badiliko dogo linaiharibu. Ndiyo sababu wanaoifanya kazi hii huiendesha programu mara kadhaa, kila mara kwa mianzo tofauti, kisha huchukua njia fupi kuliko zote zilizopatikana.