Usaha umekauka, lakini je, umepona?

Mimi ni daktari wa njia ya mkojo na uzazi wa wanaume. Swali ninaloulizwa sana ni hili: "Daktari, mbona shahawa zinatoka nyingi tu, na mke wangu hashiki mimba?"

Shahawa na mbegu ni vitu viwili tofauti. Majimaji yale kwa sehemu kubwa hutoka kwenye vifuko vya shahawa na tezi dume. Mbegu ni kiasi kidogo sana. Mtu anaweza kumwaga kama kawaida, na maabara isione hata mbegu moja kwenye hadubini.

Nikiletewa majibu ya namna hiyo, nampima kwa vidole kwanza. Nyuma ya kila korodani kuna epididimisi, mrija mwembamba mno uliojisokota. Ukinyooshwa unafika kama mita 6. Humo mbegu hukomaa na kusubiri. Kwa kawaida huwa laini. Nikigusa kinundu kigumu, nauliza tena, taratibu: uliwahi kuugua kisonono? "Zamani kidogo, Daktari, ila usaha ulikauka wenyewe."

Hapo moyo huniuma, maana usaha kukauka si kupona. Bakteria wa kisonono na wa klamidia, ugonjwa mwingine wa zinaa, huweza kupanda kutoka mrija wa mkojo hadi kwenye epididimisi. Epididimisi huvimba, kisha hubaki na kovu. Kovu likiziba pande zote mbili, korodani zinaendelea kutengeneza mbegu ila hazina pa kupitia. Klamidia ndiyo inayonitia hofu zaidi: wanaume wengi walio nayo hawaoni usaha wala hawasikii maumivu wakikojoa. Si kila aliyeambukizwa huwa mgumba, la hasha, lakini kila wiki ya kungoja hupotea bure.

Kipimo ni mkojo tu, ule unaotangulia kutoka, baada ya kukaa angalau saa 1 bila kukojoa. Klamidia ya kawaida hutibiwa kwa doksisaiklini miligramu 100, mara 2 kwa siku, siku 7. Kisonono huhitaji sindano, kwani kimeshakuwa sugu kwa vidonge vingi vya zamani. Tafadhali usimeze vilivyobaki kwa rafiki. Mwenzi wako naye atibiwe, la sivyo mtarudishiana.

Dawa huua bakteria, haiondoi kovu. Aliyekwisha kuziba huenda akafanyiwa upasuaji wa kuunganisha mrija, au tukachota mbegu kwa sindano kwenye korodani, na maabara ikaingiza mbegu moja ndani ya yai la mkewe.