Bibi Aliyetengewa Sahani: Bakteria wa Tumbo Hupitia Wapi Nyumbani?

Hivi karibuni alinijia kliniki, hapa Tanga, bibi mmoja anayekaribia miaka sabini, akisindikizwa na mwanawe pamoja na mkwe wake. Kipimo cha kinyesi kilikuwa kimeonyesha kwamba ana Helicobacter pylori, bakteria anayesababisha sehemu kubwa ya vidonda vya tumbo. Nilipomwamkia na kumwuliza hali, hakuanza na kiungulia wala maumivu ya chembe ya moyo. Alisema: "Daktari mwanangu, siku hizi nimetengewa sahani yangu na kikombe changu kama mgeni. Sinia la wenzangu silisogelei." Mkwe aliinamisha uso, kwa kuwa ndiye aliyesoma kwamba maradhi haya huambukizwa kwa kula pamoja, na ana mtoto wa mwaka mmoja na nusu.

Hofu ya mkwe ilikuwa na msingi, kwani bakteria huyu kweli ni wa kifamilia. Ila aliitupia lawama sahani, na sahani si mahali pa kuanzia.

Makazi ya bakteria huyu ni tumbo la binadamu, chini ya ute unaofunika ukuta wa ndani, ambako hutumia kimeng'enya kiitwacho yureasi kuigeuza urea kuwa amonia, na amonia hiyo huizima asidi inayomzunguka. Kwa sababu ya asidi hiyo, kwa miaka mingi madaktari waliamini kuwa hakuna kiumbe kinachoweza kuishi humo, hadi Barry Marshall na Robin Warren wa Perth, Australia, walipothibitisha kinyume chake na hatimaye kutunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Akishaingia, kwa kawaida hukaa maisha yote asipotibiwa, na wengi walio naye hawahisi chochote.

Jambo ambalo familia nyingi hazilijui ni kwamba maambukizi hutokea zaidi utotoni, katika miaka ya mwanzo ya maisha, na ni nadra zaidi mtu mzima kuambukizwa upya. Wataalamu wanapolinganisha vinasaba vya bakteria waliotolewa kwa watu wa nyumba moja, mara nyingi hukuta mama na mtoto, au ndugu wa tumbo moja, wana bakteria wa aina ileile. Bibi yangu yule, kwa hesabu hiyo, huenda alimpata wake Tanganyika ikiwa bado haijapata uhuru, na mwanawe aliyeketi pembeni akimlinda mtoto huenda naye amembeba tangu alipokuwa akitambaa.

Hupita njia gani? Mwaka 1999 watafiti wa Stanford, Marekani, waliwapa dawa ya kutapisha na ya kuharisha watu wazima waliokuwa na bakteria huyu. Walimwotesha maabara kutoka katika matapishi ya washiriki wote 16. Katika mate yaliyochukuliwa kabla ya kutapika alipatikana kwa watu 3 tu, wakati hewa iliyokusanywa karibu na mtu anapotapika ilimnasa kwa watu 6. Kinyesi cha kawaida hakikumtoa, lakini cha kuharisha kilimtoa kwa nusu ya waliopimwa. Kwa maoni yangu takwimu hizo zinatuelekeza mbali na meza ya chakula, zinatupeleka chumba cha kulala usiku ambao mtoto anaumwa tumbo.

Usiku huo tunaujua sote. Watoto watatu wamelala kitanda kimoja, wa kati anatapika ghafla, mama anakinga matapishi kwa pindo la kanga aliyojifunga, anampangusa mdomo kwa pindo hilohilo, kisha mdogo anaamka akilia naye anamkumbatia kabla hajafika uani kunawa. Hakuna uzembe hapo, ila ndipo bakteria anapopata nafasi. Kanga hiyo ivuliwe mara moja na kufuliwa kwa sabuni, sakafu ipigwe deki, watoto wengine wahamishwe, na mikono ioshwe kwa sabuni na maji tiririka kabla ya kumgusa mwingine. Ndoo ya maji ya kunywa nayo ifunikwe, na atakayechota atumie kata yenye mkono mrefu ili vidole visizame.

Sinia basi? Sikatai kwamba mate yanaweza kumbeba, lakini ushahidi wake ni dhaifu zaidi, na watu wazima walionawa vizuri sioni sababu ya kuwatenganisha. Nilichomkataza bibi ni kumtafunia mjukuu wake nyama na kumlisha kutoka kinywani, desturi ambayo imehusishwa na maambukizi kwa watoto wadogo. Nyama isagwe au ipondwe kwa kinu. Mkwe naye aliuliza kama aache kunyonyesha. Hapana, aendelee, kwani maziwa ya mama hayajulikani kuwa njia ya bakteria huyu.

Mwanawe alikuja na majibu ya kipimo cha damu yakionyesha kwamba nyumba nzima "wanao", akataka wote waandikiwe dawa. Kipimo hicho hutafuta kingamwili, ambazo hubaki mwilini muda mrefu hata bakteria akishaondoka, kwa hiyo hakiwezi kutofautisha ya jana na ya leo. Mtoto asiye na dalili hatumpimi ovyo. Mtu mzima mwenye dalili, au ambaye mzazi wake au ndugu yake aliugua saratani ya tumbo, huyo ndiye tunampima kwa kinyesi au kwa pumzi.

Bibi nimemwanzishia antibiotiki mbili pamoja na dawa ya kupunguza asidi kwa siku 14, bila kuruka dozi, maana dawa zikikatizwa njiani bakteria hubaki akiwa sugu. Atarudia kipimo cha kinyesi angalau wiki nne baada ya kumaliza, akiwa ameacha dawa ya asidi wiki mbili kabla. Walipokuwa wanatoka nilimsikia mkwe akimwambia taratibu, "Mama, leo tutakula pamoja," na bibi akamjibu kwamba kwanza amwonyeshe sabuni ilipo.