Boldi siyo hedingi jamani

Wiki hii tena nimeletewa nyaraka za programu nizikague, na tena naambiwa "hedingi zipo zote, si unaona zimekolezwa?" Nimechoka kulirudia hili. Ukikoleza maneno na kuongeza saizi umemsaidia anayeona tu. Asiyeona anatumia kisoma skrini, yaani programu inayomsomea ukurasa kwa sauti, mfano NVDA ambayo ni ya bure, akibonyeza H anaruka hedingi hadi hedingi, akibonyeza 2 anaenda h2 (hedingi ya ngazi ya pili) inayofuata, ndo namna yake ya kupekua ukurasa mrefu kama we unavyoupitisha macho. Sasa umemwekea div, kile kisanduku cha HTML kisicho na maana yoyote, chenye fonti kubwa, anabonyeza H anaambiwa hakuna kitu, inabidi asikilize ukurasa mzima toka juu kisa anatafuta jinsi ya kubadili nywila.

Jedwali weka th, ile alama ya HTML ya vichwa vya safu. Skrinishoti ya kodi (code) ya programu acha kabisa, hata anayeona hawezi kuikopi.

Ila kinachoniuma zaidi ni lang, ile alama ya HTML inayosema ukurasa ni wa lugha gani. Watu wanakesha kutafsiri nyaraka kwa Kiswahili, kazi safi kabisa, halafu templeti imebaki na lang="en", yaani Kiingereza. Kwa macho huwezi kuona kosa. NVDA inaifuata ile alama, inaingia sauti ya Kiingereza, na "pakua faili hili" inatoka kwa matamshi ambayo mtu wa Tanga wala Mombasa hawezi kuyaelewa, wakati eSpeak NG, injini ya sauti iliyomo humohumo ndani ya NVDA, inajua kusoma Kiswahili, inasubiri tu iambiwe "sw". Herufi mbili! WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kurasa zinazotumika na watu wenye ulemavu, imeliweka hili ngazi A, ile ya msingi kabisa, kipengele 3.1.1, tangu 2008.

Halafu kuna 3.1.2, kipande cha lugha nyingine nacho kiwekewe alama yake, isipokuwa majina, istilahi za kitaalamu na maneno yaliyokwisha zoeleka kwenye lugha. Hapo kusema kweli nakwama. Sisi tunaandika "fanya commit kisha push" (hifadhi mabadiliko ya kodi kisha yatume), je hiyo commit ni istilahi, imeshakuwa Kiswahili, au bado ni Kiingereza? Nikiweka alama kila neno sauti inabadilika kila sekunde, inachosha masikio, nisipoweka linatamkwa vibaya. Kwa sasa naweka kwenye sentensi nzima za Kiingereza na meseji za eror, neno mojamoja naliacha, halafu namwomba mwenzangu asiyeona asikilize kabla hatujapandisha. Ameshanirudishia kurasa mara mbili, na zote mbili alikuwa sahihi.